Ombi la Kuhamishwa Kutoka Mwaka wa 1968

Waberi, Garissa.

Kwa Afisa wa Uhamisho wa Walimu,

Mheshimiwa Bwana,

Ninakusalimu kwa unyenyekevu, nikitumai kwamba hapo ofisini kwako feni inazunguka na chai inapoa kwa wakati wake. Hapa kwetu chai haipoi, lakini sikuandikii kuhusu joto. Wenzangu waliotoka bara huomba uhamisho kwa sababu ya joto, vumbi, umbali na hofu, na sababu hizo unazijua kuliko mimi. Mimi, Mureithi, mwalimu wa Kiswahili, ninaomba kuhamishwa kwa sababu ya uhakiki wa vitabu. Tafadhali usicheke kabla ya kufika mwisho.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami ndiye niliyechimba. Mwaka jana nilianzisha chama cha wasomaji hapa Waberi, kwa nia njema kabisa. Mpango ulikuwa mwepesi: tuchague mwaka mmoja tu, tusome vitabu mashuhuri vilivyotoka mwaka huo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja tukihakiki. Nilidhani watakuja walimu. Walimu walisema wana mitihani ya kusahihisha. Waliokuja ni Dubow, dalali wa ngamia na ng'ombe katika soko la mifugo. Kinsi, mama anayeuza maziwa ya ngamia jirani na nyumba niliyopanga. Na Abdihafid, karani wa ofisi ya kaunti, kijana mwenye digrii na ulimi. Tunakutana kibandani kwa Kinsi kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, Abdihafid husoma kwa sauti, na Dubow husikiliza amefumba macho. Mimi wananiita Maalim. Wakinitambulisha kwa watu husema, huyu ni mgeni wetu. Nilikuja hapa nikiwa na nywele, Bwana, na sasa sina, na bado ni mgeni wao.

Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Mwaka wenyewe. Nilipendekeza mwaka mmoja mzuri sana wa miaka ya sabini. Dubow akauliza kama mwaka huo mvua ilinyesha. Nikamjibu kwamba mvua haihusiani na fasihi. Akanitazama kama niliyesema kwamba maziwa hayahusiani na nyasi. Akasema mwaka huo anaujua, ulikuwa wa ukame, mifugo iliisha, na mtu aliyeandika kitabu huku ng'ombe wanakufa hawezi kuwa aliweka akili yake yote kazini. Nikataja mwingine, nao ukawa wa nzige. Mwishowe 1968 ukapita bila kupingwa, kwa sababu marehemu mama yake Dubow alikuwa akisimulia kwamba mwaka huo maziwa yalikuwa mengi mpaka wageni wakawa hawatoshi kuyanywa. Hivyo ndivyo fasihi bora ya Afrika nzima ilivyochujwa, na mimi niko hapo, nimeshika kalamu, ninatikisa kichwa kukubali.

2. Namna ya kuhakiki. Chuo kikuu mimi nilifundishwa dhamira, wahusika, mandhari na mtindo, na nilifaulu. Dubow hukagua kitabu kama fahali wa kununuliwa. Ukurasa wa kwanza haugusi, kwa kuwa kila muuzaji hukuonyesha ubavu ulionona. Hukifungua katikati. Kisha hutaka kujua mwandishi ni mtoto wa nani, na huyo baba ni mtoto wa nani, mpaka Abdihafid aishiwe na bando la simu akitafuta mtandaoni. Mwandishi mmoja aliyetumia jina la bandia alikataliwa palepale: mtu anayeficha jina la baba yake, akasema Dubow, ana mnyama wa wizi zizini. Kile kitabu ni kizuri mno. Nilikisoma peke yangu chumbani, pazia limeshushwa, kama ninavyokula mchana wa Ramadhani.

3. Kumbukumbu za mikutano. Mimi ndiye katibu. Sokoni, dalali na mnunuzi hupeana mkono chini ya shali, wakaelewana bei kwa kuminyana vidole, ili mtu wa tatu asijue. Basi na vitabu vyetu ni hivyohivyo. Dubow na anayekitetea kitabu hufunika mikono, wakaminyana weee, mmoja akakunja uso, mwingine akaguna, halafu shali hukunjwa na mambo yameisha. Nikiuliza niandike nini, naambiwa niandike kwamba wameelewana. Siku moja nilisimama kidete nikataka na mimi nitetee kitabu. Nikaingiza mkono. Niliminywa vidole viwili na nusu, na mpaka leo sijui kama kitabu changu kilisifiwa au nilitukanwa mimi.

4. Msiba. Katika kitabu chetu cha nne kuna binti mdogo wa huko kwetu bara anayekufa kwa homa katika ukurasa wa mwisho. Abdihafid alisoma vizuri kupita kiasi. Nilitokwa na machozi, sikatai, na vumbi lilikuwepo pia. Kesho yake Kinsi hakufungua kibanda. Wateja walipouliza kulikoni, aliwaambia kuna msiba, binti mdogo, watu wa bara. Wateja wakajumlisha wenyewe: watu wa bara hapa mtaani ni Maalim. Kufikia adhuhuri watu nisiowajua walikuwa mlangoni kwangu wakinipa pole, wengine na sukari, wengine na majani ya chai. Nilieleza, Bwana, nilieleza mpaka koo likakauka, kwamba marehemu ni wa kubuni. Mzee mmoja akanishika bega na kuniambia kwamba uchungu humfanya mtu aseme mengi, nipumzike. Mwalimu mkuu akanipa ruhusa ya siku mbili. Niliipokea, kwa sababu nilikuwa nimechoka kueleza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Laiti ningelifunga chama siku ile, lisingelifika hili la tano, ambalo ndilo hasa linaloniandikisha barua.

5. Mauaji. Kitabu cha sita ni riwaya ya mwandishi wa bara. Mhusika mkuu ni mkulima, mtu wa pande zetu za mlimani, na mwandishi anampenda kwelikweli. Katika sura ya saba anagombana kisimani na mchuuzi mpita njia, anampiga rungu, mchuuzi anakufa. Sura ya nane ni harusi. Ndivyo mwandishi alivyotaka, na mimi nilipokisoma kitabu hicho nikiwa kijana nilifika harusini nikafurahi na harusi.

Dubow alifumbua macho. Akauliza yule mchuuzi alikuwa nani. Abdihafid akarudi nyuma akatafuta: hana jina. Akauliza jamaa zake walisemaje. Abdihafid akaperuzi mpaka jalada la nyuma: hakuna jamaa, hakuna aliyeuliza, hakuna hata mtu aliyekwenda kuuokota mzigo wake. Watu walikula wali wa harusi. Kinsi alisema taratibu kwamba mchuuzi ni mtu wa kuuza vitu vyake njiani, kama yeye. Baada ya hapo chai haikunywewa.

Jumamosi iliyofuata sikukuta mkutano wa fasihi. Nilikuta kikao cha kesi. Unajua, Bwana, au kama hujui nakujulisha, kwamba katika desturi ya hapa damu ikimwagika hailipwi na mkono uliomwaga peke yake. Ukoo mzima wa muuaji hulipa dia, na kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua ukoo wake uko wapi. Dubow akajitolea kumsemea marehemu, kwa kuwa hakuwa na msemaji. Kisha wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Nilisema mimi si ndugu wa muuaji. Dubow akaniuliza muuaji anatoka wapi. Mlimani. Nami je? Mlimani. Akaniuliza kama hapa Waberi kuna mtu mwingine wa mlima ule aliye karibu naye zaidi kuliko mimi. Hakuna. Nikapandisha sauti, nikapiga meza ya maziwa, nikasema muuaji huyo hakuwahi kuishi, ni wino mtupu, na marehemu naye ni wino. Hapo Abdihafid, ambaye nilitegemea digrii yake inisaidie, akaniambia:

"Maalim, yule binti wa homa ulimlilia. Leo huyu aliyepigwa rungu ndiye amekuwa wa kubuni?"

Nimefundisha fasihi maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa swali hilo na mwanafunzi, wala halimo katika mtaala.

Dia ya mtu ni ngamia mia. Kwa kuwa marehemu alikuwa wa kwenye karatasi, kikao kilinihurumia kikateremka mpaka mbuzi wachache wa kuchinjwa, watu waitwe, wale, marehemu aombewe mema, yaishe. Nilikataa. Nilisema silipi hata kwato. Nikaondoka bila kuaga, na kwa kuondoka kwangu nikajiongezea kosa, kwa sababu sasa mimi si jamaa wa muuaji tu, bali jamaa wa muuaji aliyekimbia kikao. Tangu hapo kila asubuhi Dubow hupita mlangoni kwangu akielekea sokoni, ananisalimu kwa adabu zote, ananiuliza afya, ananiuliza kazi, halafu ananikumbusha kwamba mchuuzi bado amelala kisimani. Kinsi ananiuzia maziwa kama kawaida, ila haniulizi tena kama nimekula. Hilo linaniuma kuliko la Dubow, nakuambia ukweli.

Dada yangu Wanji, aliyeko Karatina, kila akinipigia simu hunisihi nirudi. Amenitengea chumba chenye dirisha la kuutazama mlima. Husema kwamba mtu hazeeki ugenini, na siku nikianguka huku atakayenichangia ni nani. Nilikuwa nikimbishia. Sasa namwona ana haki. Nimeishi na watu hawa, nimewafundisha watoto wao, nimekula futari zao, na siku ya shida wakanihesabu upande wa muuaji.

Kwa hiyo naomba kwa heshima haya yafuatayo. Kwanza, nihamishwe upesi kwenda shule yoyote ambayo jirani zake hawasomi, au wakisoma husahau. Pili, ofisi yako iniandikie hati yenye mhuri, ya kuonyesha popote nitakapoulizwa, kwamba mwalimu Mureithi hana undugu, ujamaa wala ubia na mkulima wa riwaya ile, wala na mtu mwingine yeyote katika mji wa Garissa. Tatu, mwaka 1968 uondolewe hapa na upelekwe kaunti yenye uwezo wa kuumudu. Sina ombi la nne. Maji yamenifika shingoni, na aliyefikwa na maji shingoni hatoi orodha ndefu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, na hasa yule bibi wa mapokezi aliyenipa kiti safari ile nilipokuja kuuliza faili langu. Wasalimie na nyumbani kwako. Mungu akupe subira ya kuzisoma barua za walimu, maana tunaandika sana na hatufupishi.

Ni mimi mtumishi wako, mwenye kazi upande mmoja na kesi upande wa pili,

Mureithi

Tanbihi: Nilikuwa ninaitafutia barua hii bahasha nikasikia mbuzi mlangoni. Alikuwa Dubow, na Kinsi, na Abdihafid. Kinsi kaleta beberu wake mwenyewe. Abdihafid, ambaye hana mifugo na hajawahi kushika kamba ya mbuzi, kaleta mmoja aliyemburura njia nzima. Dubow kaleta kondoo aliyenona ambaye najua alimtunzia mnunuzi. Wakasema huu ni mchango wao wa dia, upande wangu. Nikamwambia Dubow hawezi kumsemea marehemu na papo hapo akamlipia muuaji. Nikasema pia kwamba nilishakataa kulipa, na mgeni halazimishwi. Akanijibu:

"Maalim, mgeni tunamlisha. Mtu wetu ndiye tunayemlipia."

Ilinibidi niingie ndani kidogo, na safari hii hapakuwa na vumbi. Bwana, siku zote hizi nilidhani siku ile walinihukumu, kumbe walikuwa wananitafutia mahali pa kukaa, na mimi ndiye niliyepiga meza na kuondoka. Mbuzi watachinjwa Jumamosi. Kinsi anataka kwanza yule mchuuzi apewe jina, na wamesema kazi hiyo ni yangu, kwa hiyo Jumamosi siwezi kuwa safarini. Kama uhamisho umeshatiwa sahihi, mpe mwalimu mwingine. Wanji nitamweleza mwenyewe. Na ile hati ya kwamba sina ndugu hapa Garissa, nakuomba usiigonge mhuri, maana itakuwa ya uongo.