Kigae Kilichomfungia Mama Mkwe Bafuni

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nyumbani kwangu mwenyewe.

Nyumba yetu hapa Likasi ni ya zamani, zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Kuta nene, bati lenye kutu, na bafu lenye sakafu ya saruji iliyopasuka kama kisigino. Kwa miaka miwili mke wangu Mado alikuwa akiomba tuite fundi. Mwezi uliopita nikamwambia, fundi wa nini na mimi nipo? (Mimi ni karani. Napiga mihuri.)

Nikanunua vigae, sisi hapa tunaviita karo. Vyeupe, kila kimoja na ua la bluu katikati. Nikatazama video tatu kwenye simu. Ya nne sikuimaliza, nilishaelewa. Jumamosi tatu nzima nikapiga magoti bafuni. Cha mwisho nilikiweka juzi, pale karibu na mlango. Kikasimama juu kidogo kuliko wenzake, kama unene wa kidole. Nikakipigapiga kwa kiganja. Nikajiambia kitashuka kikikauka.

Leo asubuhi nikarudisha mlango kwenye bawaba zake. Mlango wa mbao nzito, unafungukia ndani. Nilipojaribu kuufunga ukakwaruza kile kigae, krrr, ukagoma. Nikauacha wazi. Hayo nitayaangalia baadaye.

Saa tano mama mkwe akafika kutoka Kambove na mdogo wake, mjomba Kalala. Sasa huyu Mama Ntumba mumwelewe. Ni mjane wa fundi mwashi. Ujana wake wote alimchanganyia mumewe saruji. Siku nilipokwenda kuposa alishika mikono yangu, akaigeuza juu chini, akamwuliza Mado, "Hii mikono inafanyaka kazi gani?" Miaka kumi sasa, swali hilo halijanitoka. Kwa hiyo leo hata maji sikumpa kwanza.

"Mama, karibu uone bafu!"

"Nitaona, mukwe wangu. Acha niingie mi peke. Barabara imenitikisa."

Nilitaka kumwambia asifunge mlango. Lakini unamwambiaje mama mkwe aende haja na mlango wazi? Nikampisha apite.

Mama Ntumba ana nguvu. Tukasikia krrr, kisha pu! Mlango ulipanda juu ya kigae, ukakivuka, ukadondoka upande wa pili, kwenye kizingiti. Ukatulia hapo, na ukingo wa kigae umeuzuia kurudi ndani.

Sisi watatu sebuleni tukatazamana. Dakika tano zikapita.

"Mukwe wangu."

"Ndiyo, mama."

"Mulango inakatala."

Nikaenda kuusukuma kwa bega. Mjomba Kalala akaja kunisaidia. Moja, mbili, tatu! Mlango haukutikisika hata kidogo. Bega langu ndilo lililotoa mlio. Mjomba akarudi mezani, akasema atasaidia zaidi akishakula.

Hapo ndipo yalipoanza yale mateso. Mama Ntumba hakuwa na la kufanya mle ndani. Akaanza kukagua kazi yangu. Kwa sauti.

"Mukwe, hii karo ya nyuma ya choo, uliikata na meno?"

"Na msumeno, mama."

"Hii maua mbili zinaangalia chini. Zinahuzunika nini?"

Mado akafunika mdomo kwa kitenge. Mjomba Kalala yeye hakufunika chochote, alicheka na bukari, ugali wetu wa hapa, mdomoni.

Kisha tukasikia ko, ko, ko. Alikuwa akigonga kigae kimoja kimoja kwa kidole, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa.

"Hii imeshika... Hii haina kitu chini... Hii nayo iko na njaa. Mukwe! Ulizilowesha kwenye maji mbele ya kuzitia?"

"Hapana, mama." (Video ya nne!)

Ko, ko, ko tena. Akaanza kuvihesabu vyenye njaa, jamani, kimoja kimoja. Afadhali angenitukana.

"Bon," akasema. "Leta nyundo. Nitavunja hii ya mulango."

"Mama, tutafute njia ingine!"

"Weye unataka nilale huku?"

Nikachukua nyundo na ngazi, nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kidirisha cha bafu chenye nondo. Nikapanda. Lakini mkwe hamtazami mama mkwe wake akiwa bafuni, hata kama amevaa na anasubiri nyundo. Nikafumba macho, nikageuza uso pembeni, nikaingiza mkono kati ya nondo nikipapasa hewa.

Basi hivyo ndivyo alivyonikuta jirani yetu, Mama Odette, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua. Mwanamume mzima juu ya ngazi, macho kayafumba, nyundo mkononi, kwenye dirisha la bafu.

"Papa Gloria!" akaniita kwa jina la binti yetu. "Nani iko mule ndani?"

"Mama mkwe wangu."

Nilisikia beseni likianguka. Kisha nikamsikia akiita watu.

Nikiwa bado juu, nikijaribu kueleza, sauti ya Mama Ntumba ikatoka taratibu: "Acha nyundo, mukwe. Haina kazi."

Alikuwa amechomoa kitana kichwani. Akapenyeza mpini wake chini ya kigae, akainua. Kigae kikang'oka kizima, kama kifuniko cha sufuria. Mlango ukafunguka.

Nilipofika ndani na majirani wanne nyuma yangu, alikuwa amesimama katikati ya sebule, kitenge kimenyooka, kigae mkononi. Akakigeuza watu waone. Nyuma yake kulikuwa kusafi, hata punje ya saruji hakuna. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Shika. Unaweza kuirudisha dukani."

Nikakipokea. Nikapiga na goti kidogo. (Ningefanya nini?)

Akaketi, akanawa, akamega bukari. Alipomeza tonge la kwanza akasema atabaki kwetu wiki mbili. Kesho tunang'oa vyote. Yeye atachanganya saruji na mimi nitaleta maji. "Na nitakufundisha," akaongeza, bila kunitazama. "Marehemu naye alianza vibaya." Sijui kwa nini, lakini hapo nilipata njaa kwa mara ya kwanza leo.

Tafadhali msicheke. Au chekeni, lakini polepole: vile vigae vingine vinangoja mtikisiko mdogo tu.