Kompyuta Yangu Imeposa Kabla Yangu

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Naandika nikiwa nyuma ya stoo ya kahawa hapa Kibimba, naogopa kutoka.

Mzee Bigirimana, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, aliniomba niwaoneshe wanachama ukumbini video ya kupogoa mibuni. Huyu ni baba yake Konsolata. (Ndiyo, Konsolata ninayejipanga kumposa.)

Sasa, kompyuta yangu nimeichokonoa. Ikiwaka, kuna programu ndogo inayouliza: niamshe mfumo gani wa kuendesha kompyuta? Usipojibu upesi, inaamsha wa kwanza. Haibagui. Kanuni zake ziko wazi kwa kila mtu: weka alama inayotakiwa mwanzoni mwa mfumo wako, nao utaamshwa, uwe wa kampuni kubwa au wa mkulima wa Ngara. Basi nikatunga mfumo wangu mwenyewe. Kazi yake moja tu, kuandika maneno kwenye skrini. (Nilijiona nimefika!) Nikauweka wa kwanza, nikasahau.

Nikaunganisha projekta, nikawasha, nikageuka kumsogezea mzee kiti. Nikageukia ukuta. Ukutani, kwa herufi kubwa kama madebe: KONSOLATA, NITAKUOA.

Akina mama wakapiga vigelegele!

Nikabonyeza kila kitufe. Wapi! Mfumo wangu haujui kibodi, sikuufundisha. Nikakandamiza kitufe cha kuzimia mpaka ikazima. Nikawasha upya ili nichague vizuri. Jasho likaniingia machoni, nikachelewa.

KONSOLATA, NITAKUOA.

"Tulishasoma, mwanangu," akasema Mzee Bigirimana. "Sasa inasisitiza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akasimama taratibu, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Kwetu mtu anatuma washenga. Huyu wako amekuja bila pombe, na hata shikamoo hajasema."

"Nisamehe baba," nikajibu, "shikamoo bado sijamwandikia." (Jamani, mdomo huu!)

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Jumapili ulete watu," akasema, akaketi. "Haya, tuoneshe hiyo mibuni."

Mpaka sasa sijui ile ilikuwa hasira au ndiyo. Konsolata hapokei simu. Msicheke, nisaidieni: natafuta washenga wawili, watu wazima, wasiotumia umeme.