Divai Yenu Ina Ladha ya Mlango

Mabawa, Tanga

Kwa Wakuu wa Kiwanda cha Divai,

Shikamooni. Nimeanza na shikamoo kwa kuwa chupa yenu inajigamba kwamba kiwanda kilikuwapo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, nami nimelelewa kuwaheshimu waliokula chumvi nyingi. Natumaini hamjambo. Mimi nilikuwa sijambo mpaka Jumapili.

Naitwa Leticia, na nina binti mmoja, Consolata. Jumapili hiyo wakwe watarajiwa waliteremka kutoka Lushoto kuleta posa. Kaka yangu Edgar, ambaye ni mpishi kwenye meli za watalii na siku hizi hali hata muhogo bila kuunusa kwanza, akaniambia, "Dada, weka soda zako kando. Wageni wa heshima wanywe divai nyeupe iliyolazwa kwenye pipa la mwaloni." Mwaloni naujua kwenye Biblia tu, nikadhani ni jambo takatifu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Divai yenu ina ladha ya mlango. Si maneno yangu. Ni ya Castory, mshenga wao, mtu mpole kabisa. Alionja, akatazama dari, akasema, "Mama, kinywaji kizuri, ila naonja mlango." Jirani yangu Hamdiya, aliyekuja kunisaidia pilau na ambaye dini yake haimruhusu kuonja, alisikia harufu tu kule jikoni akauliza kama nimenunua kabati jipya. Nawapongeza. Sisi huku mbao tunatengenezea vitanda. Kumbe miaka yote tunalalia kinywaji.

2. Karatasi ya chupa, kwa tafsiri ya Edgar, inaahidi siagi, vanila, moshi na kokoto za mtoni. Moshi tulikuwa nao wa kutosha. Kokoto sisi tunazichambua kwenye mchele na kuzitupa, nyinyi mnazisifia. Siagi tuliitafuta ukoo mzima mpaka pilau likapoa.

3. Hili ndilo kubwa. Edgar alisimama kutufundisha kunywa: zungusha glasi, nusa, sukutua, kisha tema kwenye bakuli. Akatema. Mbele ya wakwe! Bibi Devota, bibi yake kijana anayemposa Consolata na mkuu wa msafara, alikuwa amekunywa funda moja tu. Akaweka glasi chini, akajifunika uso kwa upindo wa khanga, akatoka bila kuaga. Wenzake wakamfuata, na barua ya posa wakaondoka nayo. Consolata alijifungia chumbani. Nilipogonga alisema, "Mama, mmewatemea wakwe zangu." Mimi, niliyemeza kila tone kwa adabu na mateso!

4. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mtume mzee mmoja, mwenye mvi zinazolingana na umri wa kiwanda, apande Lushoto kumwomba radhi Bibi Devota. Aje na mbuzi, asije na chupa. Kwenye karatasi yenu ongezeni maneno: "Isinywewe mbele ya wakwe." Na ikiwa posa haitarudi, mtafute mjukuu wenu mmoja asiyetematema, aje amwoe Consolata. Kiwanda cha umri huo hakiwezi kukosa kijana.

Wasalimieni wake zenu, watoto, wachuma zabibu, na hasa mapipa, maana naona ndiyo yanayofanya kazi yote.

Mimi niliyefedheheshwa kistaarabu,
Leticia, Mama Consolata

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Castory amepiga simu. Posa inarudi Jumamosi, kwa hiyo mjukuu wenu apumzike. Bibi Devota hakukasirika, wala hakumwona Edgar akitema. Marehemu mumewe alikuwa mpasua mbao msituni Shume, na kila jioni alirudi shati lake likinukia hivyo hivyo. Miaka mingi bibi hakuisikia harufu ile, mpaka alipoinua glasi sebuleni kwangu. Alitoka asije akalia mbele ya watu asiowajua. Sasa ameuliza jambo moja tu, kama chini ya chupa kulibaki chochote.

Kulibaki. Nimekaza kizibo, na Consolata amesema atammiminia yeye mwenyewe. Tafadhalini, wazee wangu, hayo mapipa msiyabadilishe.