Kuku Watatu, Chumba Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Melbourne, wiki ya nne. Mvua, jua, upepo, mvua, jua. Yote kabla ya saa sita mchana. Nimeacha kushangaa. Natembea na koti na miwani ya jua, kama wenyeji.

Hali halisi: hosteli karibu na stesheni, chumba cha watu wanane, kitanda cha chini nilichokisubiri majuma mawili. Hali anayoijua mama kule Ireland: nyumba ya matofali, bustani, na mlimau uani. Nilimwandikia hivyo wiki ya kwanza. Uongo mdogo tu, ili apate usingizi.

Leo mama kapiga simu. Shangazi Breda, muuguzi wa Perth kwa miaka thelathini, anapita Melbourne Jumapili. Atakunywa chai nyumbani kwangu. Ana neno la kuniambia. Na mama anataka picha yetu chini ya mlimau.

Loh! Jumapili hiyohiyo siku zangu za hosteli zinakwisha. Ishirini na nane, basi, hawaongezi hata ukilia. Nimelia.

Nimepata tangazo. Chumba, mtaa wa Brunswick, wakaaji wawili, bustani, mlimau, kuku watatu. Usaili kesho. Katika mji huu kodi haitoshi, lazima walioko ndani wakuhoji na wakupende. Joost, Mholanzi wa kitanda cha juu yangu, naye ameitwa. Ananichekea kwa meno yote. Simwamini mtu mwenye meno mengi hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Usaili. Merrin, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayeuliza. Kel, fundi baiskeli, kazi yake kutazama.

Nakula nyama? Nikasema harufu yake tu inaniumiza. (Soseji niliimalizia kituo cha tramu.) Maganda ya viazi nayatupa wapi? Nikasema situpi kitu, narudisha ardhini. Merrin akaandika. Kuku nawajua? Nikasema nimekulia nao. Hapo kuna ukweli kidogo: tulikaa ghorofani, juu ya duka la kuku wa kukaanga.

Wakanipeleka bandani. Beryl, Shirl na Noelene. Beryl anachechemea wiki nzima, na Merrin hapati usingizi. Je, naonaje? Nikashika kidevu. Nikasema ni baridi. Kel akanitazama muda mrefu kuliko ilivyo heshima.

Getini nikapishana na Joost, anaingia na mkate wa moto aliouoka jikoni hosteli. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, 5 Juni

Tumebaki wawili! Mwisho wa wiki una sikukuu, Merrin na Kel wanaenda kupiga kambi pwani hadi Jumatatu. Kuku watalindwa na sisi, mmoja Jumamosi, mmoja Jumapili. Wakirudi wataamua. Mimi nimepewa Jumamosi, Joost Jumapili.

Jumapili! Siku ya Shangazi! Maji shingoni.

Nikamwendea Joost, nikamwambia mimi mtu wa kanisa, lakini ibada yangu imehamishiwa Jumamosi, tubadilishane. Akauliza kanisa gani hilo. Nikasema dogo. Akafikiri. Akasema sawa, ila anataka kitanda cha chini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mimi nimepanda juu. Kuna ubaridi huku, na taa iko puani.

Jumamosi, 8 Juni

Joost ananitumia picha kutoka Brunswick. Joost na ufagio. Joost amembeba Shirl. Banda limesuguliwa hadi linang'aa. Ameacha mkate mezani, na kadi.

Hajui kwamba hizi ni mbio za sakafuni. Kesho mimi nitakuwa mwenye nyumba.

Jumapili, 9 Juni

Saa mbili asubuhi nimeingia na begi langu lote. Ufunguo chini ya chungu cha maua. Picha za Merrin nikazishusha ukutani, nikazisukuma chini ya kochi. Soksi zangu nikazianika kwenye taa, kwenye viti, kila mahali. Nyumba ikaanza kunuka mimi.

Saa nne, Shangazi. Mfupi, koti la mvua, macho ya wodini. Akasifu dari. Akasifu mlimau. Tukapiga picha, mama akatumiwa, mama akajibu kwa mioyo kumi na miwili. Nikakaa kwenye kochi langu. Nakiri, nilikuwa na raha. Sijakaa kwenye kochi tangu nitoke kwetu.

Kisha akauliza choo kiko wapi.

Sikuwahi kukitumia! Nikafungua mlango wa kwanza kwa madaha. Mafagio. Wa pili, bafu na sinki, choo hakuna. Shangazi yuko nyuma yangu, mkoba mkononi. Nikamwambia nyumba hizi za zamani zina mambo.

"Zina mambo kweli," akasema. "Na wewe mwanangu, mwezi mzima ulikuwa unabana tu?"

Nikatoka mbio uani. Nikafungua mlango mdogo wa mbao: banda la kuku. Nikafungua mwingine, nyuma ya chumba cha kufulia: hatimaye! Shangazi akaingia. Niliporudi ndani, Noelene yuko kwenye kochi, Shirl anaudonoa mkate wa Joost, Beryl anachechemea kwenye zulia na kuacha alichoacha.

Nikawakimbiza. Heri nisingewakimbiza. Mmoja alipanda juu ya rafu ya vitabu.

Shangazi akarudi, akaniamuru niketi. Akavaa gambuti za Merrin, akamwaga makombo ya mkate kuelekea mlangoni, kuku wakamfuata wenyewe. Akambana Beryl kwapani, akamtazama unyayo. Mwiba. Akataka maji ya moto, chumvi, na kibanio. Nilivitafuta sana.

Akiwa kazini akatoa neno lake. Amepata kazi hospitali moja hapa, anaanza Julai, na hana mtu mwingine mjini. Alikuja kuniomba chumba katika nyumba yangu kubwa. Ila sasa, akasema, angependa kujua kwanza nyumba ni ya nani.

Nikasema ni yangu.

Mlango wa mbele ukafunguka. Merrin na Kel, wamelowa chapachapa. Hema lao limechukuliwa na upepo. Merrin akatazama ukuta mtupu, akatazama soksi, akatazama zulia. Akauliza huyu mama ni nani.

"Shangazi wa huyu mwongo," akasema Shangazi. "Njoo unishikie mguu."

Merrin akashika. Mwiba ukatoka, mrefu kama njiti ya kiberiti. Kel akafungua mdomo mara ya kwanza: "Nilisema mimi! Baridi gani ya mguu mmoja?"

Njia ya mwongo fupi, akasema Shangazi akinitazama. Nikamwambia yangu ilifika karibu mwezi.

Wakanywa chai, mimi nikipangusa zulia. Merrin akamwuliza kama anakula nyama. Akasema anakula, tena sana, na akilala anakoroma. Wakacheka hadi machozi. Chumba akapewa palepale. Chumba changu, chenye dirisha la mlimau! Kimeniuma, sitaficha.

Jumatatu, 10 Juni

Hosteli mpya, ng'ambo ya barabara ileile. Siku ishirini na nane nyingine. Kitanda cha juu. Chini yangu nani? Joost. Naye siku zilimwishia. Nikamwambia chini ni zamu yangu. Akasema makubaliano ni makubaliano, hayakutaja hosteli.

Shangazi kapiga simu. Leo nimweleze mama ukweli, la sivyo atamweleza yeye. Nikaapa. Nikamwandikia mama kwamba Shangazi, maskini, hana pa kulala, nami nimemwachia chumba changu, damu nzito kuliko maji. Mama amelia. Anasema ataiambia parokia nzima.

Nimetafakari kwa kina makosa yangu. Kosa lilikuwa kuku.

Kuna tangazo huko Footscray. Chumba kikubwa, wakaaji watatu, wanafuga nyuki. Nimeshawaandikia kwamba nimekulia mizingani. Usaili kesho saa kumi. Nikifika tu, kabla ya salamu, nitauliza choo kiko wapi.