Usingizi wa Mzee Yusto Ulivyolindwa Mbele ya Jumuiya Nzima

Sogeeni, enyi watu wa Ufipa, wa Chanji na wa Majengo, nanyi mnaoanika dagaa kule Kirando, waacheni wakauke wenyewe. Na wewe mama unayesonga ugali, punguza moto, maana ukiungua hadithi haitarudi nyuma kuugeuza. Yasimuliwa hapa matendo ya Lwitiko binti Ezekiel, muuguzi kutoka Mbeya, Mlinzi wa Kope, Mkunja Shuka asiyeacha kona, jinsi alivyomlaza mzee mmoja mchana kweupe, na mzee akalala.

Mzee Yusto, mkulima wa ulezi, alikuwa kitanda namba saba katika hospitali ya Sumbawanga akingoja kupasuliwa ngiri. Mara mbili daktari ameahirisha, kwa kuwa presha ilikataa kushuka; nayo ilikataa kushuka kwa kuwa mzee hajalala siku tatu. Ikiwa juu tena leo jioni, akasema daktari, mzee atarudi nyumbani na ngiri yake.

Ndipo Lwitiko akashika silaha. Akaziba madirisha kwa mashuka, baridi ya Sumbawanga ikabaki nje ikinung'unika. Akalipaka mafuta gurudumu la toroli ya dawa, lililokuwa likilia kama nguruwe aliyefungwa kamba. Akavua soksi zake mwenyewe, za rangi ya waridi, zenye maua, akamvisha mzee. Saa tisa na nusu kope za mzee zikaanguka kama malango ya ngome, na mkoromo ukapanda.

Lahaula! Saa kumi kamili, saa ya kuona wagonjwa, ikatokea mlangoni Jumuiya ya kanisa ya kijijini kwa mzee, watu kumi na wanne na chupa za uji, na mbele yao Tadei, kiongozi wa nyimbo, ambaye akikohoa Majengo, kuku wa Chanji hupanda darini.

Lwitiko akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Simameni! Usingizi ulio humu umetafutwa siku tatu. Atakayeuvunja atapita juu ya sare hii, nami nimeipiga pasi leo!"

"Binti," akanena Tadei, "tumekuja juu ya lori la mahindi. Turudi tukaseme tumemwona Yusto na hatukumwamkia? Si watasema tumemsusa?"

"Mwamkieni kesho, baba."

"Na akifa leo?"

"Anakoroma! Umeona wapi maiti anakoroma?"

Mama Albina, mke wa mzee, aliyeketi kando ya kitanda, akainua kichwa. "Tadei, wewe hata kanisani unawaliza watoto wachanga. Waje wamwamkie kimya, nitamwitikia mimi."

Mkataba ukafungwa. Wakavua viatu, wakapita mmoja mmoja, wakainama na kuchezesha midomo. Naye Mama Albina akanong'ona marahaba kumi na nne, hata kwa wifi yake anayemzidi umri, na hiyo aliivuta kidogo.

"Na wimbo?" akanong'ona Tadei, vikombe vikatetemeka.

"Imbeni," akasema Lwitiko, "ila sauti ibaki tumboni."

Wakaimba. Beti zote sita, midomo ikifunguka na kufungika, mabega yakiyumba, mishipa ya shingo imemtoka Tadei kama kamba za magunia, na kisisikike kitu ila mkoromo wa mzee ukishika besi. Hapo Christopha wa kitanda namba nane akazinduka, akaona kwaya inaimba na yeye hasikii.

"Nesi! Masikio yangu—"

Lwitiko akaivuka wodi kwa hatua mbili, akamziba mdomo kwa kiganja. "Masikio yako mazima, baba mdogo. Hawaimbi."

Christopha akamtazama Tadei, akamtazama nesi.

"Wanaimba," Lwitiko akajisahihisha. "Nyamaza tu."

Mkoromo ukakatika. Wote wakaganda, Tadei kinywa wazi katikati ya Aleluya. Mzee akajigeuza, akavuta blanketi, akaendelea.

Saa kumi na mbili daktari akamfunga mzee mpira wa presha. Mzee akafumbua jicho moja.

"Jumuiya wamekuja?"

"Usiongee, baba, mashine inasoma," akasema Lwitiko, moyo ukimpiga kama ngoma ya vita.

Mia moja na thelathini kwa themanini! Kesho anapasuliwa!

"Wamekuja," akasema Mama Albina, "na wameimba."

"Wameimba vizuri?"

"Hawajawahi kuimba vizuri hivyo."

Basi na ijulikane katika nchi yote ya Ufipa, bondeni na mlimani, na wajukuu wafundishwe kuitaja siku ile, maana Lwitiko alikifungua kitabu cha zamu na kuandika kwa mkono usiotetemeka: Kitanda namba saba, amelala.