Farasi Mia Tatu na Tuta la Kinyozi

Muuza vocha yule walimwita Profesa kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Wala hajawahi kukaa na habari peke yake. Jumamosi ile asubuhi aliinua simu, akajikohoza, akawasomea wenzake waliokaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha kinyozi.

"Sikilizeni! Kampuni moja imetoa gari la familia. Milango minne, viti vitano, nguvu za farasi mia tatu!"

"Familia hiyo inamkimbia nani?" aliuliza Kinyozi, akikung'uta taulo.

"Hayo ndiyo maendeleo, bwana."

"Maendeleo gani? Mimi wanangu nikitaka waje mbio, nawaambia chakula kiko mezani."

Fundi Viatu alicheka hadi msumari aliokuwa ameubana kwa midomo ukadondoka. Karani wa ofisi ya maji hakucheka. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye benchi taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Mimi ninalo," alisema. "La zamani kidogo, lakini farasi ni wale wale."

Benchi zima lilisimama. Gari lilikuwa pembeni ya ukuta, la kijivu, linang'aa. Fundi Viatu alilizunguka mara mbili, akainama.

"Mbona limechuchumaa? Linataka nini chini?"

"Nimeliwekea springi fupi jana, hapa hapa. Likiwa chini linashika barabara. Hilo ni boresho la kwanza." Karani akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Bado matairi manene, bomba la moshi lenye mdomo mpana, na bawa juu ya buti."

"Bawa? Unaenda kazini au unahama nchi?" Kinyozi alitikisa kichwa. "Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wewe wa mia tatu utabaki na nini?"

"Bomba likipanuliwa unaongeza farasi wengine kumi," Profesa aliingilia. "Ni sayansi hiyo."

"Waongezwe walale wapi? Karani mwenyewe kapanga vyumba viwili!"

Karani alicheka pamoja nao, akaikunja tena karatasi yake. Kwa miaka sita alikuwa amejinyima kwa ajili ya gari hili. Alikuwa analiota hata akigonga mihuri. Na sasa lilikuwa karibu kumponyoka.

"Shemeji analijua?" Fundi Viatu aliuliza.

"Anajua ni gari la familia. Leo anamleta mama yake, tumpeleke kliniki ya mgongo. Amenipa sharti moja tu: likigonga chini hata mara moja mama akiwa ndani, Jumatatu linarudi kwa aliyeniuzia."

Wote wanne waligeuka kuangalia kitu kimoja. Mbele ya kibanda, limekatisha barabara nzima, lilikaa tuta. Hakukuwa na njia nyingine ya kutokea. Tena walilijenga wao wenyewe, mwaka ambao pikipiki ilipita na kibao cha Kinyozi. Kwa hasira walimwaga mifuko mitatu ya saruji badala ya mmoja, na Fundi Viatu akaongeza karai moja la juu, la shukrani.

"Mchimba kisima..." Kinyozi alianza.

"Usimalizie," Karani alimkata. "Nisaidieni."

Hapo kijiwe kikageuka ofisi. Fundi Viatu alileta utepe wake wa kupimia nyayo za wateja. Profesa alilala chini na shati lake jeupe, akamulika kwa simu. Walipima tuta, wakapima tumbo la gari, wakarudia kupima kwa sababu Profesa alisoma utepe kichwa chini.

"Vidole vitatu!" Fundi Viatu alitangaza. "Linapita na vidole vitatu vinabaki!"

Karani hakuamini mpaka alipoingia na kulijaribu. Gari lilipanda, likashuka, kimya. Akarudi kinyumenyume, kimya vile vile. Vijana wa saluni ya jirani walipiga makofi. Karani alishuka mabega yamepanda, na papo hapo akaongeza kwenye orodha yake taa za buluu.

Mke wa Karani, Mama mapacha, alitokea kona ya pili, amemshika mama yake mkono, mapacha nyuma yao kila mmoja na begi. Miaka kumi na mbili, na wote wamerithi mwili wa babu yao, aliyekuwa mbeba magunia.

"Shikamoo mama," kijiwe kiliamkia kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Ndilo hili? Zuri. Limejishusha kama lina adabu."

Karani alimfungulia mlango wa mbele kwa mikono miwili. Mkewe na mapacha waliingia nyuma, mabegi yakaenda kwenye buti. Alipowasha, injini iliguna hadi kioo cha Kinyozi kikatetemeka. Akaliendea tuta akitabasamu, mkono mmoja kwenye usukani.

Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka. Kisha *kwaruu!* Gari likakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia. Karani alikanyaga mafuta. Farasi mia tatu walipiga kelele, moshi ukatoka, na gari halikusogea hata kidole kimoja.

Alizima. Hakuthubutu kugeuza shingo.

"Shemeji, tulipima!" Fundi Viatu alikuja mbio na utepe wake. "Haki ya Mungu tulipima! Vidole vitatu!"

Mama mapacha alishusha kioo polepole.

"Mlipima gari," alisema. "Na familia mliipima?"

Fundi Viatu aliutazama utepe, akauzungushia kidoleni. Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza, kila mtu kijiweni aliona kwamba Profesa hajui.

"Basi, baba mapacha. Makubaliano ni makubaliano. Jumatatu linarudi," mkewe alisema.

Karani aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Miaka sita, na hata kona ya kwanza hajaifikia.

"Lirudi wapi, nami nimo ndani?" Mama mkwe alijisogeza, akaichomoa ile orodha mfukoni mwa shati la Karani, akaisoma, akamrudishia na kuegemea vizuri. "Kiti hiki kimenishika kiuno kuliko dawa zote za kliniki. Mkwe wangu, karudishe springi zake za mwanzo, hiyo karatasi ichane, tuishi."

Karani aliichana pale pale, katika vipande vidogo kabisa, machozi yakimlengalenga. "Asante, mama. Sasa naomba mshuke kidogo, likiwa tupu litanyanyuka."

"Nishuke na mgongo huu?" Alifunga mkanda, akaweka mkoba mapajani, akawatazama wanaume wanne mmoja mmoja. "Farasi wako wapumzike. Sukumeni nyinyi."