Kasha la Meneja

Injinia, ambaye darasa la uhandisi alilipita kwa nje tu, alizipata habari za Meneja kwa kinyozi. Wakubwa wastaafu wa mji ule, kinyozi alisema, wameshikwa na ugonjwa mpya: wanakusanya kompyuta za nyumbani za zamani, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, na kila Jumamosi wanakutana kutambiana nani ana kumbukumbu kubwa zaidi. Mashine ya Meneja ilikuwa na kilobaiti sitini na nne. Jirani yake alikuwa na mia mbili hamsini na sita, na tangu aione namba hiyo Meneja hali akashiba.

"Huyo wa kupelekwa hospitali," alisema kinyozi.

"Hospitali ya nini? Dawa ninayo."

Dawa yenyewe ilikuwa kasha la nyongeza, la kuchomeka nyuma ya kompyuta. Ndani aliweka kipande cha saruji ili liwe zito, taa ya kijani, na chipu moja iliyofundishwa uongo mmoja tu: kuandika 512 kwenye skrini mashine inapowaka. Alichokosa ni shahidi wa kulisifia mbele ya Meneja. Akabisha chumba cha pili, kwa mama aliyewahi kuwa mchapaji kiwandani kwa Meneja, ambaye mtaa mzima humwita Shangazi.

"Hatakutambua?"

"Nimemchapia barua miaka kumi na mmoja," alisema Shangazi. "Hata ya kunifukuza niliichapa mwenyewe, nakala tatu. Hakuinua macho."

Kiwanda kilipofungwa, Meneja alibeba kompyuta sita nyumbani kwake. Wafanyakazi mia tatu walibeba ahadi. Wapo waliosahau, Shangazi hayumo.

"Sasa sikia, mwanangu. Pesa usimwombe, ni bahili. Mwombe ile mashine mbovu iliyoko stoo. Nyuma yake kuna kasha la nyongeza la kweli, wakusanyaji wanalitafuta kwa tochi. Hilo kasha litakuwa lako. Mashine itakuwa yangu, maana ndiyo niliyokuwa naitumia."

Injinia aliuma mdomo asicheke. Mama wa watu kaomba mfupa, nyama kamwachia yeye.

Nyumbani kwa Meneja mambo yalikwenda kama mafuta. Kasha lilichomekwa, taa ikawaka, 512 ikatokea. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na kweli linafanya kazi, mama?"

"Mimi ninalo la hivi hivi, mzee. Ila wiki ya kwanza usiitwishe mashine mzigo. Iache izoee."

"Izoee, naam," alisema Meneja, kana kwamba alikuwa anajua. "Bei?"

"Kwa mtu wa heshima kama wewe," alisema Injinia, "nipe tu ule uchafu wa stoo nipate vipuri."

Meneja aliharakisha kukubali kabla kijana hajapata akili. Alifungua stoo mwenyewe, akamtwisha Injinia mashine mikononi, wala hakumtazama Shangazi usoni, kama ilivyokuwa desturi yake.

Chumbani kwa Shangazi, Injinia alilichomoa kasha, akafungua skrubu nne, akachungulia. Soketi nane za chipu, zote tupu kama ufizi wa kichanga.

"Shangazi. Hamna kitu humu."

"Hamna. Nilizitoa chipu siku ya mwisho ya kiwanda, wenzangu wakiwa wanakula. Nane za kasha, na moja ya mashine yenyewe ili asiitumie mtu." Alivuta kopo la poda chini ya kitanda, akakunjua karatasi ya rangi ya fedha. Chipu tisa, miguu yote imenyooka.

"Yaani umeniuzia kasha tupu."

"Kwani wewe huwa unauza nini?"

Injinia aliligeuza kasha juu chini.

"Basi nipe hilo kasha," alisema Shangazi. "Tupu unajua kulitengeneza mwenyewe. Na unishikie taa, macho yangu si ya jana."

Akashika taa. Shangazi alizikandamiza chipu moja moja kwa dole gumba, akarudisha kasha mahali pake, akaunganisha televisheni, akawasha. Skrini ilitetemeka, kisha namba ya kumbukumbu ikaanza kupanda, polepole, ikihesabu kweli. Injinia aliinama karibu zaidi, taa bado mkononi. Miaka minne alikuwa akiuza nyongeza mjini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona moja ikifanya kazi.